Takia la Daka, Takia la Ulili: Sponji Moja Iliyopewa Kazi Nne

Nilipoitwa nyumba ile ya Mkomani, mtaa wa Lamu, yalikuwa yamebaki majuma matatu Maulidi yafike. Mwenye nyumba, dada niliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo, alirithi nyumba ya babu yake, akaitia chokaa upya, na vyumba viwili vya juu hukodisha wageni. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nyumba yake hujaa. Jamaa huja kutoka Siyu na Pate, wengine Malindi, na wanaume wakitoka msikiti wa Riyadha usiku hukaa dakani kwake, kwenye baraza za jiwe za mlangoni, mpaka karibu na alfajiri, kahawa ikizunguka.

“Shoga, matakia yangu yamekufa,” aliniambia mlangoni, hata salamu hazijaisha. “Na hayajatimiza mwaka. Keti uone.”

Nikaketi kwenye baraza ya kulia. Takia lilivaa kava zuri la kikoi cha buluu, pembeni limejaa, katikati limebonyea. Nilipokaa nilishuka moja kwa moja hadi nikalihisi jiwe. Nikahamia la pili, hali ni ile ile. Lakini nilipoingia msanani, ukumbi wa ndani, kumwamkia mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye ulili wake, kitanda cha kamba, Bi Mkubwa akanishika mkono akalalamika kinyume kabisa: “Mwanangu, hili takia lenu gumu kama ubao wa chuo. Nakaa robo saa, sina budi kugeuka.”

Nikamuuliza rafiki yangu kama takia la mamake lilitokana na sponji nyingine. La, sponji ni moja. Bunda moja la inchi 4, alilonunua bara siku moja na kulikata mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo niliposimama kidogo. Sponji ile ile imekuwa laini mno kwa wanaume wa dakani na ngumu mno kwa mama wa msanani. Atakayelielewa jambo hilo hatanunua sponji vibaya tena, na ndiyo sababu nakieleza kisa hiki kwa urefu. Makosa niliyoyakuta pale nayaona karibu kila nyumba ninayoitwa kushona, na watu huyafanya wakiwa na nia njema na pesa yao halali mkononi.

Alivyonunua

Dukani alimwambia muuzaji anataka sponji nzuri ya makochi. Akaonyeshwa bunda jeupe, akaambiwa ni haidensiti. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akaona linakataa, akaridhika, akalipa. Likapakiwa kwenye lori hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kutoka Mokowe likavuka kwa boti lisilo na tandiko la kulifunika. Ilikuwa msimu wa kusi. Yeyote aliyewahi kuvuka mkondo ule kusi likivuma anajua anavyofika gatini.

Nyumbani bunda likagawanywa kwa kazi nne. Matakia sita ya daka, kila moja sentimita 60 kwa 55. Takia moja refu la ulili wa mama. Matakia manne ya kukalia juu darini, chini ya makuti, ambako wageni hupenda kupunga upepo. Mabaki yakakatwa mito minne ya vyumba vya wageni. Hakuna kipande kilichotupwa, na kwa hilo namsifu, maana sponji ni ghali na mabaki yake yana kazi, kama nitakavyoeleza.

Nilivyoyafungua matakia

Nilifungua zipu ya takia la daka. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu, ile ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Sponji ilikuwa bado imevikwa nailoni ya dukani upande wa chini. Alidhani nailoni itaikinga na unyevu wa jiwe. Lakini nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe hilo hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupenya kwa juu kutokana na jasho na hewa ya bahari, ukifika kwenye nailoni hauna pa kutokea. Upande ule ulikuwa na madoa meusi ya koga yaliyoenea kama viini vya papai.

Nikakata kijipande pembeni nikakigusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Maji ya bahari yalikauka ndani ya sponji tangu siku ile ya boti, lakini chumvi haikuondoka, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana matakia yale yalikuwa na ubaridi wa majimaji kila asubuhi, hata kaskazi ilipokuwa ikivuma kavu. Rafiki yangu alikuwa akiyaanika juani kila Ijumaa, na jua nalo likaongeza lake: mahali kava lilipokuwa wazi kwenye zipu, sponji iligeuka manjano na kupukutika vidoleni kama mkate mkavu. Jua kali huivunjavunja poliuretani. Sponji huanikwa kivulini penye upepo.

Hayo ni madhara ya nje. Kilichoyaua matakia hasa ni kingine. Nilipima unene kwa rula: pembeni sentimita 10, katikati 7. Katika miezi isiyotimia kumi na mbili, takia lilikuwa limepoteza karibu theluthi ya kimo chake mahali panapokaliwa. Lile la Bi Mkubwa, la sponji ile ile, lilikuwa na sentimita 10 pande zote.

Mahamri na sponji

Sponji hii ya makochi na magodoro ni poliuretani. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937, mikononi mwa Otto Bayer na wenzake, na sponji laini tunazozijua zikaingia sokoni katika miaka ya 1950. Huumuka, na namna inavyoumuka kila mpika mahamri ataielewa. Maji yanapokutana na mojawapo ya kemikali zake hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo huuinua mchanganyiko kama hamira inavyouinua unga. Kiwandani wakitaka sponji nyepesi huongeza maji, gesi ikawa nyingi, na mada ile ile kidogo ikajaza nafasi kubwa. Ukikata hamri lililoumuka kupita kiasi unaona uwazi mtupu na ngozi nyembamba. Sponji nyepesi ndivyo ilivyo.

Sasa, ngozi hiyo nyembamba inaweza kufanywa ngumu. Kiwanda kikibadilisha mchanganyiko, sponji nyepesi itakaza chini ya kidole kama ubao, na sponji nzito itakuwa laini kama maini. Kwa hiyo kuna mambo mawili, na kidole gumba kinalijua moja tu. Ugumu ni nguvu unayohitaji kuibonyeza sponji leo. Densiti ni kiasi cha mada iliyomo, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo, na hiyo ndiyo inayoamua kama sponji itakuwa vile vile mwaka ujao. Neno “haidensiti” linalotamkwa dukani mara nyingi humaanisha tu kwamba kitu ni kigumu.

Hapo ndipo fumbo la matakia linapofumbuka. Sponji ilikuwa nyepesi na ngumu. Bi Mkubwa hazidi kilo 45. Uzito wake haukutosha kuibonyeza, akawa anakaa juu yake badala ya kukaa ndani yake, mifupa yote ikiegemea mahali pamoja. Wanaume wa dakani, na kati yao yuko ami yao wa kilo 95, waliishinda mara moja. Kuta zake nyembamba zilipinda, zikapasuka, zikapinda tena usiku baada ya usiku, mpaka zikaacha kurudi.

Mzani wa sonara

Densiti haionekani kwa macho, lakini kuipima hakuhitaji maabara. Kata mchemraba wa sponji wenye sentimita 10 kila upande. Ujazo wake ni lita moja kamili. Upime kwa gramu, na namba utakayoipata ndiyo densiti yake kwa kilo kwa mita ya ujazo. Gramu 20 ni densiti 20. Gramu 30 ni densiti 30.

Mzani wa jikoni hauaminiki kwa uzito mdogo hivyo, kwa hiyo nikaubeba mchemraba wangu hadi kwa sonara, ambaye mzani wake umezoea pete na vipini. Aliniangalia, akatandika kijitambaa safi, akauweka mchemraba juu kwa heshima ile ile anayoipa fedha. Gramu 16.

Kwa kiti cha kukaliwa kila siku na watu wazima, mimi sishuki chini ya 28. Kati ya 20 na 25 inafaa kiti cha mara moja moja au kigodoro cha mtoto. Chini ya 20 ni sponji ya kuegemea mgongo, ya mito, ya kujazia. Siidharau. Makosa ni kuikalisha watu.

Rafiki yangu alimwagiza mpwa wake aliyekuwa akirudi kutoka Mombasa alete vipande vya mfano kutoka maduka matatu. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa kukukatia kipande, hata kama utakilipia. Tukakata michemraba, tukarudi kwa sonara. Cha kwanza, kilichouzwa kwa jina la haidensiti, gramu 18. Cha pili gramu 29. Cha tatu gramu 34, na muuzaji wake ndiye aliyetaka bei ya chini kuliko yule wa pili.

Jambo hilo la mwisho lilinitia shaka. Nikakichukua kipande cha tatu nikakisugua kwa nguvu juu ya buibui langu, nalo likabaki na vumbi jeupe. Mzani nao unaweza kudanganywa: wapo wanaotia unga wa chokaa kwenye mchanganyiko ili sponji iwe nzito kwa gharama ndogo. Unga huo huongeza uzito na hauongezi nguvu. Sponji ya namna hiyo hupasuka ukiivuta kidogo, na ukiikunja husikii ikikusukuma.

Kwa hiyo baada ya mzani nikatumia dumu. Maabara huikandamiza sponji kwa saa 22 katika joto la nyuzi 70, kisha huiachilia nusu saa na kupima imepoteza kimo gani. Sisi tulifanya kwa kadiri yetu. Tuliweka michemraba mitatu kati ya mbao mbili, pembeni tukasimamisha vigingi vya sentimita 5 ili ibonyezwe nusu na isizidi, juu tukaweka madumu mawili ya maji, tukalala. Asubuhi tukayaondoa, tukanywa chai, tukapima. Cha kwanza kilikuwa kimebaki na sentimita 8 na nusu. Cha tatu, cha chokaa, 9. Cha pili karibu 10 kasoro unywele. Mpwa wake, kijana wa miaka 12 aliyeishika rula, ndiye aliyetangaza mshindi.

Jiwe, kamba na mtu

Kupata sponji nzuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza maswali mawili: chini yake kuna nini, na juu yake atakaa nani?

Baraza ya daka ni jiwe. Jiwe halisaidii chochote, halipindi, halisukumi. Mzigo wote ni wa sponji, na ikishindwa mtu anagonga chini. Kochi la springi au la mikanda hugawana kazi na sponji yake, ndiyo maana sponji iliyomfaa jirani kwenye kochi lake inaweza kukuaibisha wewe kwenye baraza yako. Tiba ya haraka watu wanayoifikiria ni kuongeza unene, inchi 6 badala ya 4. Nilipima baraza zile: sentimita 43 kutoka sakafuni. Ukiweka inchi 6 mtu wa wastani ananing'iniza miguu, na anayening'iniza miguu hukandamizwa nyuma ya mapaja. Kimo kilitufunga tubaki na inchi 4. Basi hizo 4 zifanye kazi ya 6.

Tuligawa tabaka. Chini inchi 3 za ile sponji ya 29, ngumu. Juu inchi 1 ya sponji laini, densiti 25. Takia la kukalia jiwe linatakiwa kwanza likupokee, kisha likuzuie. Sponji laini peke yake inapokea bila kuzuia, na ngumu peke yake inazuia bila kupokea. Tukayashikanisha matabaka kwa gundi ya viatu, matone machache tu yaliyotandazwa mbali mbali, kwa sababu gundi ikikauka kwa mstari mnene mkaaji ataihisi kama kamba chini yake.

Kabla ya kukata zote sita nilitengeneza moja, tukamwita ami akae. Kijana akaambiwa atie kiganja kati ya takia na jiwe. Kwa takia la zamani alipiga kelele: “Nagusa mifupa!” Kwa jipya akatulia, akasema anahisi uzito tu, hakuna kinachomchoma. Nakipenda kipimo hicho kuliko vyote, kwani hakihitaji rula wala hesabu. Kiganja kikihisi mifupa ya mkaaji, takia halitoshi, hata liwe la bei gani.

Ulili wa Bi Mkubwa ni habari nyingine. Kamba zinapinda zenyewe na hewa inapita chini. Unene mkubwa hauhitajiki. Kilichohitajika ni ulaini utakaoitika kwa mwili mwepesi. Tulimkatia sponji laini ya inchi 2, ile ile ya densiti 25, maana hapo kamba hugawana kazi nayo, na juu yake nikamshonea kigodoro chembamba cha sufi. Ukingo wa mbele tuliukata mviringo kwa mkasi ili usimkate nyuma ya magoti. Alipokaa mara ya kwanza hakusema kitu. Aliendelea na tasbihi yake. Baada ya nusu saa binti yake ndiye aliyeniashiria kwa macho kwamba mama hajageuka hata mara moja.

Sufi naitaja kwa upendo, na wazee wetu walijua walichokifanya. Uzi wa msufi ni mwembamba, una uwazi ndani, na una nta inayokataa maji. Hewa hupita. Ubaya wake ni kwamba hujikusanya mafundo na hutaka kuchambuliwa kila baada ya muda, na watu wa leo hawana muda huo. Sufi juu ya sponji, kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenzake.

Mito

Wageni wa vyumba vya juu nao walikuwa wakilalamika shingo, na sababu yake ilikuwa rahisi. Mito yao ilikuwa vipande vya mraba vya inchi 4, vigumu, na kichwa cha mtu hakizidi sana kilo 5. Sponji haikushuka hata kidogo. Anayelala chali alikuwa anainuliwa kidevu kuelekea kifuani usiku kucha.

Mto una kazi moja, kujaza pengo kati ya kichwa na godoro bila kukipindisha kichwa juu wala chini. Alalaye ubavu ana pengo kubwa. Simama ubavu ukutani, bega liguse, upime kutoka sikioni hadi ukutani, na umeupata unene wake, kasoro kile ambacho bega litazama godoroni. Alalaye chali anataka nusu ya hapo. Alalaye kifudifudi karibu hataki mto. Kwa nyumba ya wageni hujui nani atakuja kulala vipi, kwa hiyo kipande kizima cha sponji hakifai hata kiwe bora namna gani.

Hapa ndipo sponji nyepesi iliporudishiwa heshima. Tulichukua pembe za matakia ya zamani, zile ambazo hazijakaliwa wala kuingia koga, tukaziosha kwa maji baridi ya kisima mara tatu hadi chumvi ikaisha, tukazikamua bila kuzisokota, tukazianika kivulini. Siku mbili zikakauka. Kisha tukazikata vipande vya ukubwa wa kete za bao, tukachanganya na sufi, tukajaza mifuko ya kitambaa cha marekani yenye zipu, juu foronya. Mgeni anayetaka mto mdogo anafungua zipu na kupunguza, anayetaka mkubwa anaomba ajaziwe. Hapo densiti 16 haina kosa lolote.

Rafiki yangu aliuliza kuhusu ile sponji nzito inayobaki na alama ya kiganja, iliyotokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege. Nilimzuia. Sponji ile hulainika kwa joto, ndiyo tabia yake, na chumba cha Lamu usiku wa Machi kina joto la kutosha kuilainisha kabla mtu hajalala. Tena hushika joto la kichwa. Penye baridi ni nzuri.

Kava na kinachokaa chini

Nitapita haraka. Sponji ikatwe kubwa kuliko kava kwa sentimita 1 kila upande, ili kava likaze na lisifanye mikunjo. Kisu cha mkate kirefu kinakata vizuri, ukikivuta taratibu bila kukikandamiza. Ndani tulishona kava la marekani, nje kikoi kile kile, kimefuliwa kwanza kisije kikaruka baadaye.

Nailoni tuliitupa. Badala yake, kila baraza ilitandikwa jamvi, na takia likakaa juu ya jamvi. Ukili ule unaacha njia ndogo ndogo za hewa kati ya jiwe na kitambaa. Mabibi zetu walitandika jamvi chini ya takia, na nimewaona watu wakiliondoa kwa kudhani ni pambo la zamani. Sponji mpya ilivuka kutoka Mokowe ndani ya turubali, imefungwa kama maiti, na mwenye boti alilipwa ziada aiweke katikati.

Jambo moja nililisema kwa ukali. Nilipofika mara ya kwanza chetezo kilikuwa kimewekwa juu ya takia, udi unafuka, kaa jekundu linaonekana. Poliuretani ikishika moto huwaka kwa kasi kubwa, na moshi wake una monoksidi ya kaboni na sianidi ya haidrojeni. Mtu huanguka kabla moto haujamfikia. Sufi nayo inawaka upesi. Chetezo kikae sakafuni, kwenye sinia, mbali na matakia, na kisiachwe peke yake. Nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta na paa nyingi ni makuti. Tangu siku hiyo wakawekea chetezo kidaka chake ukutani.

Baada ya miezi kumi na moja

Nilirudi na rula yangu. Matakia ya daka yamepita Maulidi moja, Ramadhani moja na harusi mbili. Katikati nilipima sentimita 9 na nusu kwa manne, 9 kwa mawili yaliyo pembe ya ndani, anapopenda kukaa ami. Hakuna harufu. Inchi 1 ya juu ndiyo iliyochoka zaidi, nayo ni rahisi kuibadilisha bila kugusa iliyo chini.

Kigodoro cha sufi cha Bi Mkubwa kilikuwa kimefanya mafundo. Nilikifungua, tukakaa naye msanani tukachambua pamoja mchana mzima, akinionyesha jinsi ya kuvuta sufi kwa vidole viwili bila kuikata. Vidole vyake vina kasi kuliko vyangu.

La darini ndilo sijalimaliza. Tuliweka sponji ya inchi 2 tukakubaliana matakia yaingizwe ndani kila jioni. Yakaingizwa miezi mitatu. Usiku mmoja wa masika wageni waliyasahau, mvua ikapita makuti kwa ubavu, na kila takia likanywa kama sifongo lilivyo. Moja lilikaa siku nne halijakauka ndani, likaoza. Ipo sponji ya mashua, yenye matundu wazi kabisa, ambayo maji hupita ndani yake na kutoka chini kama kwenye chujio, lakini bajeti ilikuwa imekwishia kwenye daka na ulili. Kwa sasa darini tumetandika majamvi mawili na magodoro membamba ya usumba wa nazi, ambayo yakilowa hukauka kwa upepo wa mchana mmoja. Wageni wanasema ni magumu kidogo. Mpwa wake amepewa kazi ya kuulizia bei ya sponji ya mashua Mombasa, na ameambiwa asirudi bila mchemraba wa sentimita 10.